Kadi ya Eridadi

Kwetu Bwera jina humwambia kila mtu umezaliwa wa ngapi. Mtoto wa kiume wa kwanza ni Baluku, wa pili ni Bwambale. Mwanangu Tefiro ni Baluku. Lakini Kampala, ambako alikuwa katibu mkuu wa wizara miaka tisa, karatasi zake zote zilisema Eridadi Bwambale.

Kosa ni langu. Wakati wa vita vya milimani tulijificha huko juu, na Tefiro akakua bila shule. Tuliposhuka alikuwa na miaka minane, na mwalimu mkuu alitaka watoto wa miaka sita. Tefiro alikuwa mfupi. Nikatoa kadi ya ubatizo ya mdogo wake Eridadi, ambaye surua ilimchukua kulekule mlimani. Mwalimu aliitazama kadi, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, kisha akaandika. Hakuuliza neno. Sijausahau wema ule.

Mwaka huu, Jumamosi moja ya Februari, Tefiro alikuja asubuhi bila kupiga simu. Akaketi kwenye kigoda jikoni na suti yake, akaanza kuchambua maharage nami.

"Mama, mwezi ujao natimiza sitini."

"Najua. Nilikuwepo."

Akacheka kidogo. "Serikali inasema mtu akifika sitini aende nyumbani. Faili langu linasema hamsini na nane."

"Basi kaa. Nani atakuuliza?"

"Semakula."

Semakula alikuwa mtunza faili wa wizara. Mwaka jana iligunduliwa kwamba alijipunguzia umri miaka mitatu, na Tefiro ndiye aliyetia sahihi barua ya kumfukuza. Mzee yule aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, bosi," akatoka na kufunga mlango taratibu.

"Angenitukana ningepata usingizi," Tefiro akasema.

"Ukisema ukweli watakufunga?"

"Sijui. Pensheni inaweza kupotea. Na watasema mama yangu alidanganya."

Hapo nikaelewa kilichomleta. Mtu ambaye ofisi nzima husimama akiingia alikuwa amekuja kuniomba ruhusa.

Niliendelea kuchambua. Niliogopa. Niliwaza dawa zangu za presha, ambazo yeye ndiye huninunulia. Niliwaza wanawake wenzangu kanisani. Maharage yakaisha, nikayapeta, nikayaweka chini.

"Kadi ile nilikuazima, Tefiro. Sikukupa. Mrudishie mwenyewe."

Aliandika barua pale mezani. Chini yake nami nikashuhudia kwamba kadi niliitoa mimi, nikaandika jina langu, Vasta, herufi moja moja, kama tulivyofundishwa darasa la watu wazima. Alinisubiri bila kuniharakisha.

Aprili alirudi kwa bodaboda kutoka mjini Bwera, maboksi mawili yamefungwa nyuma yake. Walikuwa wamemstaafisha bila hata sherehe, na habari ya pensheni bado wanaitazama.

"Maboksi haya nani kakufungia vizuri hivi?" nikamuuliza.

"Semakula. Alisikia, akaja na kamba zake. Akaniambia, 'Bosi, toka hapo, wewe unajua kusaini tu.'"

Kesho yake alininunulia dawa, akanunua na mfuko wa saruji. Miaka yote kaburi la Eridadi, kwenye shamba la kahawa, lilikuwa mawe matupu. Ningeliandikaje jina, na jina lilikuwa kazini Kampala?

Tefiro alikunja suruali, akakoroga saruji, akaitandaza. Kisha akachukua msumari, akapiga magoti.

Jirani yetu Mariat alikuwa anapita na jembe lake. "Baluku! Kumbe serikali nayo inashika udongo?"

"Inashika, shangazi. Ngoja nimalize, nitakuja kukusalimia."

Akainama tena kuandika, ncha ya ulimi nje, kama siku ile ya kwanza ya shule nilipomchungulia kutoka mlangoni mwa darasa.