Upande wa Pili wa Baiskeli

Alipoingia studio nilimtambua kabla hajakaa. Yeye hakunijua, na angenijulia wapi? Aliyevunjika meno matatu ya mbele kwa baiskeli aliyoiuza yeye ni dada yangu. Tangu fremu ilipomkatikia mteremkoni, dada hucheka kafunika mdomo kwa kiganja. Na mimi mpiga picha, mdogo wake wa tumbo moja, mwaka mzima sijapata picha yake hata moja.

Watu humwita Rangi. Huuza baiskeli kuukuu, na kila ufa kwake dawa ni rangi. Dada alipomwendea na kitambaa chenye damu mdomoni, alimjibu, "Mali ikishatoka dukani kwangu ni yako, mama. Mimi simo." Akaendelea kunywa chai. Jibu hilo nimelilalia na kuliamkia. Mwenye kovu usidhani kapoa.

"Nasikia wewe ndiye fundi," akasema. "Picha zangu za simu haziuzi. Nataka baiskeli zing'ae. Na bango juu ya duka, kubwa kama mlango wenyewe."

"Umefika, kaka." Nikampa kiti na tabasamu. Ndani nilikuwa nawaka.

Kesho yake nilikuwa uani kwake na taa yangu. Nilimfundisha bila hiana: tafuta ukuta mtupu, ondoa ndoo na nguo za kwenye kamba, futa tairi, laza pedali sawa. Kisha piga magoti, kwani ukipiga umesimama baiskeli hutoka kama mbuzi anayechechemea.

"Ila upande wa mnyororo tu," akaonya. "Huo ndio wa picha."

Kweli, ndiyo desturi ya kazi hii. Ndiyo maana hununua zenye nyufa upande wa pili, mchomeaji wake wa vyuma akaziziba, naye akapaka rangi. Picha iliyomnasa dada kwenye simu ilikuwa ya upande wa mnyororo.

Nikamvika kilemba cha ukoka. "Mfanyabiashara mkubwa kama wewe uige vibanda? Bango linataka upande usiozoeleka. Watu wasimame."

Kichwa kikamvimba. Akaniletea baiskeli ya bei kubwa kuliko zote, nyekundu, ingali inanuka rangi. Nikapitisha kidole karibu na shingo ya usukani, nikakuta kivimbe cha ufa uliozibwa. Hakujali. Kwa Rangi, kilichopakwa kimepona.

Wateja wangu wa pasipoti wanajua: taa ya mbele husamehe chunusi, taa ya ubavuni huzianika. Nikaiweka taa ubavuni.

"Hapo sasa!" akasema nilipomwonyesha. Kwenye kioo cha kamera kivimbe kilikuwa kama punje ya mchele. Yeye aliona wekundu tu.

Bango lilipanda Jumamosi asubuhi. Nilimwambia dada aje, bila kumweleza sababu. Sasa punje ya mchele ilikuwa sahani, na ukingo wa ufa ulionekana wazi chini ya rangi. Watu wakasimama kweli, wakanong'ona. Lakini aliyemaliza kazi ni mchomeaji mwenyewe, aliyekuwa akipita na mkate wake.

"Jamani, ile kazi yangu ile!" akapaza sauti kwa fahari. "Huo ufa nimeuziba mimi! Na wa ile ya kijani hapo ndani. Na wa ile nyeusi!"

Mteja aliyeshika ile ya kijani akaiachia, ikaanguka chini. Wengine wakaanza kuzigeuza moja moja, wakipapasa shingo kama wanunuzi wa ng'ombe. Rangi akanijia mbio, jasho likimtiririka.

"Fundi, lishushe! Umeniua!"

"Bango likishatoka studio kwangu ni lako, kaka," nikamwambia. "Mimi simo."

Akanitazama. Kisha akamtazama dada aliyesimama kando yangu, na rangi ya uso wake mwenyewe ikamtoka. Sitasema uongo: nilifurahi.

Dada alikuwa akicheka. Kiganja kilipanda, kikafika kidevuni, kikashuka.

"Nipige picha," akasema, pengo lote nje. "Na bango lionekane."

Nikamgeuza alielekee jua, mwanga umwangukie usoni, nikapiga.