Embe Halizai Ciriri

Domitille alikuwa amechoka kueleza kwamba Ciriri si Kamanyola, kule bondeni kwenye joto. Nyumba yao ilikaa juu kabisa kilimani, Bukavu yote ikiwa chini yake, na baridi ya asubuhi huko ilikuwa ya kutetemesha meno. Tangu vita vianze, matunda yalifika sokoni kwa kubahatisha, kwa hiyo aliamua kupanda nyumbani yale yanayostahimili baridi: marakuja, yaani pasheni, fureze, zile stroberi za kutambaa chini, na maprini, yale matunda mekundu ya mti, kama nyanya, yanayoliwa kwa kijiko.

Kikwazo kilikuwa mama mkwe wake, Euphrasie. Mapigano ya mwaka 1998 yalimkimbiza kutoka Kamanyola, akafika Ciriri na kokwa za maembe pindoni mwa kikwembe. Alizipanda kando ya ukuta wa jikoni, mahali pekee penye jua na pasipo upepo. Zikachipua, kisha zikadumaa, majani yakaungua ncha kwa baridi. Asubuhi moja Domitille alikuta blanketi lake la sufu, zawadi ya arusi, limetandazwa juu ya miche hiyo, limelowa chepechepe. Alipomlalamikia mumewe, Xavier, akajibiwa kuwa mama ni mama, mwanamume akachukua koti akaenda kazini.

Basi akaenda mwenyewe hadi kijiji cha Miti kutafuta miche ya matunda yake ya baridi. Akirudi, kwenye kizuizi kimoja cha barabarani, askari alimwaga kikapu chini, akaichokorachokora miche kwa mtutu wa bunduki, mingine akaikanyaga. Domitille aliokota iliyosalia. Alipofika nyumbani, udongo hadi magotini, alimkuta Euphrasie anafukia kokwa nyingine palepale ukutani.

“Maman, hapa iko baridi,” alisema. “Embe haiwezi kuzaa. Nitasema mara ngapi?”

Mama mkwe hakuinua kichwa. “Najua, mutoto wangu. Lakini nikipanda ile yako ya baridi, njo kusema nimekubali kufia huku.”

Maneno hayo yalimuudhi Domitille kuliko blanketi. Alikwenda kupanda miche yake ukingoni mwa kiwanja, kwenye upepo. Fureze zikaliwa na kuku. Marakuja yakapanda ua, yakavuka, yakazaa kwa jirani. Ni miprini miwili tu iliyoshika, na mwaka wa pili ikazaa hata matawi yakainama. Euphrasie aliyala maprini hayo kila siku, na kila siku alilalamika kwamba ni machachu.

Vita vilipotulia na barabara ya Kamanyola ikapitika, mama mkwe alifunga mizigo. Juu ya furushi aliweka miche ya miprini, mizizi imeviringishwa kwa majani ya mgomba. Domitille akamweleza, polepole kama anavyoelezwa mtoto, kwamba miti hiyo ni ya baridi na joto la kule litaiua yote.

Euphrasie alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, kisha akamwomba kamba ya kuifungia vizuri. Domitille akaenda kuitafuta.