Kata ya Kuoshea Ubao

Irmeli alikuwa hodari wa kuficha, na alichoficha hakikuwa fedha wala mwanamume. Ulikuwa mkojo. Tangu alipomzaa Henna, akicheka sana unamtoka, akipiga chafya unamtoka, na tangu hedhi ilipokoma hata kuinuka kitini ni kubahatisha. Mumewe Jorma hakujua. Daktari hakujua. Angeambiwa achague kati ya kusema na kufa, angeomba kwanza muda wa kufikiri.

Ujanja wake wote ulikuwa saunani, kile chumba cha joto chenye mbao za kukalia na mawe ya moto yanayomwagiwa maji yatoe mvuke. Mle watu huingia uchi, kila mtu na kitambaa chake cha kukalia, pa kujisitiri hakuna. Basi kabla ya kushuka, Irmeli huchota kata moja ya maji kwenye ndoo, akaumwagia ubao aliokalia, kisha huyo anaondoka na kitambaa chake kilicholowa. Nani atauliza maji yametoka wapi mahali ambapo kila kitu kinachuruzika?

Mwezi uliopita alimsindikiza Henna kliniki ya wazazi, yeye ndiye kambeba mjukuu. Muuguzi aliuliza kwa upole, "Na mkojo je, unazuilika?" Henna alimgeukia mama yake, kama alivyozoea utotoni akiulizwa jambo na mgeni. Irmeli akacheka kidogo, kwa uangalifu.

"Wanawake wa kwetu wako imara kama mawe," akasema.

"Ndiyo, niko sawa," Henna akaitikia, na muuguzi akaendelea na swali jingine. Tangu siku ile Irmeli hakuwa na amani.

Sasa ilikuwa mkesha wa sikukuu ya kiangazi, kule kwenye kijumba chao kando ya ziwa, na zamu ya kwanza ya sauna ilikuwa ya wanawake. Jorma alibaki nje akimbembeleza mtoto na kugeuza soseji. Aune, mama yake Irmeli, kikongwe mwenye ulimi wake, alikalia ubao wa juu kabisa, akawa anayamwagia mawe maji bila kuuliza mtu.

"Bibi, unatuchoma!"

"Nyie wa mjini mmezoea vuguvugu. Nenda kakae na baba yako na soseji zake."

Henna akaangua kicheko. Ghafla kikakatika. Alibana mapaja, akatazama chini, kisha akaivuta kata, akachota maji na kuumwagia ubao aliokalia.

"Unafanya nini?" Irmeli aliuliza, ingawa hakuna aliyejua jibu kumshinda.

"Si ndiyo adabu ya sauna? Wewe mwenyewe nakuona tangu nikiwa mdogo." Henna hakumtazama. "Siku hizi inanifaa."

Joto la mawe halikuwa kitu mbele ya lile lililompanda Irmeli usoni. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, na yeye katika aibu si mgeni.

"Haikuwa adabu, mwanangu. Ulikuwa mkojo."

"Toka lini?"

"Toka nikuzae."

"Na pale kliniki?"

"Nilidanganya."

"Mama! Yule dada aliniuliza *mimi*! Mimi nalala na taulo chini yangu, najiona ndiye mbovu peke yangu kwenye ukoo wa mawe, kumbe wewe unajua!"

Miaka yote Irmeli alikuwa akiuonea haya mwili wake, na mwili haukumkosea mtu. Aliyekosa ni yeye.

Juu yao ubao ukalia.

"Na mimi," Aune akasema, "mnadhani nilikuwa naosha ubao?"

Irmeli akageuka. Ni mama yake huyu huyu aliyempa kata mkononi baada ya uzazi ule, akamwambia aoshe alipokaa, ndivyo mwanamke safi anavyofanya. Hakuna aliyecheka, hata Aune mwenyewe. Alikuwa akitazama magoti yake.

"Sikukuu ikiisha nampigia yule muuguzi," Henna alisema hatimaye, akijifuta macho. "Na wewe mama utakaa pembeni yangu, ujibu ya kwako."

"Nitajibu."

"Na bibi."

"Aa, mimi na umri huu wataniambia nini?"

"Watakwambia. Utakuja."

Nje Jorma aliita kwamba soseji zinaungua na mtoto anataka ziwa la mama yake. Irmeli akainuka, na kama kawaida, ukamtoka. Mkono ukaifuata kata wenyewe. Alikuwa ameshachota alipotazama na kukuta Henna amemkazia macho.

Irmeli akayarudisha maji ndooni, akaitundika kata kwenye msumari wake, akashuka na kuuacha ubao vile ulivyo.