Kalenda ya Nyuma ya Mlango

Kazi ya kuandika nilipewa na polisi wa zamu. "Dada, kila akikufuata, andika. Siku, mahali, alichofanya. Kwa maneno matupu hatuwezi kumkamata mtu." Nikarudi chumbani kwangu Kihesa, nikachukua penseli, nikaanza kuandika kwenye visanduku vya tarehe vya ile kalenda ya kanisa iliyoning'inia nyuma ya mlango.

Nilikuwa nashona nguo dukani karibu na soko la Iringa. Liberatus alikuwa karani wa ghala la mahindi, mtanashati, suruali pana chini kama walivyovaa vijana wote miaka ile ya sabini. Hakuwahi kunigusa wala kunitukana, na hilo ndilo lililonimaliza. Ningemwambia mtu nini? Kwamba nikiinua kichwa kutoka kwenye cherehani namwona ng'ambo ya barabara, anatabasamu? Nilibadilisha njia ya kurudi nyumbani, naye akabadilisha. Nikahamia ibada ya asubuhi, nikamkuta benchi la nyuma. Yote nikayaandika. Niliogopa, na kuogopa kwenyewe kulinitia hasira, maana mimi si mwoga.

Kalenda ilipokaribia kujaa nikaipeleka kituoni. Yule polisi akaitazama, akahema. "Haya mambo ya vijana, dada. Anzia kwa balozi wako wa nyumba kumi." Balozi naye akasema hawezi kusikiliza kesi ya binti ambaye hajaolewa bila mzazi wake kuwepo, akamwita baba yangu, Mzee Andendekisye, kutoka Mbeya. Nilifurahi. Nilijua baba akisikia tu, yule mtu atakoma.

Tukakaa uani kwa balozi, Liberatus naye akaitwa, majirani nao wakaja. Balozi akavaa miwani, akaisoma kalenda yangu. "Amesimama kwenye mvua mpaka duka likafungwa. Ameacha kikapu cha mapeasi mlangoni, nimeyatupa. Amenifuata hadi kwenye basi." Kadiri alivyosoma, sauti yake ilizidi kulainika. Mama mmoja akamtazama Liberatus kwa huruma, akauliza, "Kwenye mvua kabisa?"

Balozi akavua miwani. "Mzee mwenzangu, mimi nimezoea kesi za vijana wanaochezea mabinti wa watu halafu wanakimbia. Huyu hakukimbia hata siku moja. Binti kaandika mwenyewe."

Baba akanigeukia. "Tusekile mwanangu, amekushika? Amekuvunjia heshima?"

"Hapana, baba. Ananifuata."

"Nimesikia anakufuata," alisema baba, taratibu, kama mtu anayepima kitu mkononi.

Liberatus akasimama, mikono nyuma, akaichungulia kalenda. "Shikamooni, wazee. Aliyoandika ni kweli tupu. Ila imepungua. Hapo juu kuna Jumapili ameacha wazi. Siku ile nilikuwepo. Alikwenda mtoni kufua, amevaa gauni la njano, akawa anaimba. Na ile Jumatano iliyofuata, nayo wazi, pia nilikuwepo."

Vile visanduku vitupu vilikuwa siku zangu za kupumzika, siku pekee nilizopata usingizi. Majirani wakacheka, kicheko cha watu walioanza kunusa pilau ya harusi.

"Simtaki," nikasema. "Namwogopa. Nimeandika ili mumzuie."

"Wote husema hivyo mwanzoni," alijibu balozi, wala hakunitazama.

Baba akatikisa kichwa kukubali. "Ndaga, asante kijana. Mshenga wako aje Mbeya, tuzungumze kwa utaratibu."

Nililia pale pale, mbele za watu, na mama mmoja akanipiga piga mgongoni akisema ni furaha. Liberatus akaomba jambo moja tu: apewe ile kalenda, akajaze zile siku zilizobaki wazi. Baba akaichukua kutoka kwa balozi, akaikunja vizuri, akampa kwa mikono miwili.