Kelele Aliyoisikia Ogeto Peke Yake

Gari lilianza kugonga baada ya Pasaka, na tangu siku hiyo Ogeto hakumwamini tena mtu aliyemuuzia.

Halikugonga kwa nguvu. Ilikuwa kelele ndogo tu, ko, ko, ko, mahali fulani mbele, kila lilipopanda tuta au kuingia shimoni. Mtu mwingine angefungulia redio na kuendelea na safari yake. Obadiah Ogeto hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Ekerenyo, na kwa miaka mingi aliishi akijua kwamba kila fundi anaficha misumari mfukoni na kila mteja wa mkopo anapanga kuhamia Nairobi. Mara nyingi hakukosea, na hilo ndilo lililomharibu.

Gari lenyewe lilikuwa Noah nyeusi ya viti saba, na lilikuwa halijamaliza miaka miwili mikononi mwake. Siku za kazi viti vya nyuma vilikunjwa likabeba saruji na mabati. Siku ya Sabato viti vilikunjuliwa likabeba familia na nusu ya kwaya hadi kanisani. Lilipanda milima yote ya Nyamira bila kulalamika. Sasa lilikuwa linalalamika, na Ogeto alitaka kujua alikuwa amefichwa nini tangu mwanzo.

Kwake mwaka huo ulikuwa wa kufichwa mambo. Kabla ya Pasaka mikebe ya rangi ilitoweka stoo, na mwizi hakujulikana. Alimshuku mfanyakazi, akamshuku jirani, akafika mpaka kwa shemeji yake. Alipokosa wa kumkamata, akanunua makufuli: la duka, la stoo, la banda la mabati, la geti, la chumba cha chakula nyumbani, na moja dogo la koki ya tangi la maji. Funguo zote alizitia kwenye pete moja pamoja na ule wa gari, akatembea nazo zikilia kama kengele ya ng'ombe. Mkewe, Mokeira, akitaka unga wa jioni, alimngoja mume arudi.

"Baba Natasha, hata maji?" Mokeira aliuliza siku ya kwanza.

"Aliyeiba rangi atashindwa na maji?"

Basi Ogeto akaendesha hadi Kisii, kwenye yadi ya Abdirahim, mtu aliyemuuzia lile gari. Abdirahim alikuwa amerithi biashara kwa baba yake na alizungumza polepole, akichezea tasbihi, jambo ambalo Ogeto aliliona kama njia ya kupata muda wa kutunga uongo.

"Nataka tubadilishane," Ogeto alisema hata kabla ya kuketi. "Chukua hili, nipe lingine, niongeze kidogo. Linagonga."

"Linagonga wapi, mzee wangu?"

"Wewe ndiye uliyeliuza. Niambie wewe."

Abdirahim akanyoosha mkono apewe ufunguo. Ogeto akauchomoa ule wa gari peke yake kutoka kwenye pete, na zile nyingine akazirudisha mfukoni. Hakuwa mtu wa kumpa mwuza magari funguo za stoo yake. Fundi wa yadi akalipandisha gari juu, akagonga huku na huku kwa spana, akatikisa magurudumu. Kisha Abdirahim mwenyewe akaliendesha, Ogeto ameketi kando yake ametega masikio kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana. Wakapita mashimo ya Daraja Mbili. Kimya. Wakapanda tuta, wakashuka. Kimya.

"Unakwepa mashimo," Ogeto alisema.

"Nimeingia yote, wallahi. Kichwa chako kimegonga paa mara mbili."

Kweli kilikuwa kimegonga.

Waliporudi Abdirahim akamrudishia ufunguo. "Mzee Ogeto, mimi nakula kwa kuuza magari. Lakini hili lako silichukui. Ni zima. Ukilibadilisha sasa utapata hasara, halafu utakuja kunilaumu. Nenda nalo nyumbani."

Ogeto akaenda nalo, lakini hakwenda na amani. Akaurudisha ufunguo kwenye pete, akawasha gari, na kabla hajafika Nyamira, ko, ko, ko. Akapiga usukani kwa kiganja. Mwuza magari anayekataa gari! Amewahi kuonekana wapi? Hapo kuna kitu. Abdirahim anajua ubovu uko wapi, ndiyo maana hataki mzigo umrudie. Na yule fundi wake pengine alikaza kitu kwa muda, kinyamaze wakiwa pamoja, kilegee mwenye gari akibaki peke yake.

Wiki iliyofuata alipita yadi nyingine, mtaa huo huo, ambako dalali kijana anayeitwa Brandon alikuwa amesimama nje na miwani ya jua kichwani.

"Mzee, hiyo Noah inakusumbua," Brandon alisema, hata salamu hakutoa.

Ogeto akazima gari. "Umejuaje?"

"Macho tu. Hebu niizungushe kidogo."

Ogeto akachomoa ufunguo wa gari, akampa. Yeye alibaki nyuma kuangalia gari ambalo Brandon alitaka kumpa badala yake, dogo la kijivu, ambalo aliambiwa lilikuwa la mwalimu wa kike, na mwalimu huyo alilitumia kwenda kanisani tu. Ogeto, ambaye hununua maziwa na kuyanusa mara mbili, hakufungua hata boneti yake vizuri. Masikio yake yalikuwa barabarani.

Brandon akarudi akitikisa kichwa. "Aki mzee, pole. Nimeisikia. Hiyo kelele si ya kawaida. Hapo mbele, si ni hapo mbele?"

"Ni hapo hapo!" Ogeto alisema. Alitamani kumkumbatia. Mtu wa kwanza kumwambia ukweli tangu Pasaka! "Abdirahim aliniambia hakuna kitu."

"Wazee wa yadi hao," Brandon akasema na kupunguza sauti. "Wanajuana. Hiyo gari iligongwa huko ilikotoka. Mwaka mmoja hivi na injini inakuacha barabarani. Mimi nakuonea huruma tu. Leta hii, ongeza kidogo, uchukue ya mwalimu."

Hicho kidogo cha kuongeza ndicho kilicholeta shida nyumbani, kwa sababu kilikuwa bonasi ya majani chai, malipo ya mara moja kwa mwaka kutoka kiwandani. Shamba la chai lilikuwa la Ogeto kwa jina, lakini mikono iliyochuma ilikuwa ya Mokeira, na bonasi ya mwaka huo walikuwa wamekubaliana impeleke chuoni Natasha, binti yao, aliyekuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi na kufungasha sanduku tayari.

Ogeto alieleza mpango wake wakila. Mokeira alitafuna taratibu mpaka akamaliza.

"Kwa hiyo," alisema, "anayesema gari ni nzuri hataki kuichukua. Na anayesema ni mbovu ndiye anaitaka, na pesa juu."

"Wewe hujui biashara."

"Sijui. Nauliza tu ataifanyia nini gari mbovu hivyo."

"Ataitengeneza. Ana mafundi."

"Na Natasha?"

"Natasha ataenda muhula ujao. Au unataka gari liniue njiani ndipo aende?"

Natasha aliinuka, akapeleka sahani zake jikoni. Ogeto alilala akiwaza kwamba mkewe anatetea bonasi wala si gari, na kwamba huenda hata yeye amezungumza na Abdirahim. Alipojisikia akiwaza hivyo aliona aibu kidogo, lakini hakuacha.

Asubuhi ya kubadilishana aliliosha gari mwenyewe. Akatoa kiti cha mtoto wa dada yake, akatoa Biblia na kitabu cha nyimbo kwenye dashibodi. Kisha akauchomoa ufunguo wa gari kutoka kwenye pete, kwa kuwa leo haukuwa wa kurudi, na zile funguo nyingine zote akazifunga kwenye kitambaa na kuziweka mfukoni mwa koti. Mokeira alisimama mlangoni na bahasha ya bonasi mkononi. Alimpa bila kumtazama.

Alipopita tuta la kwanza hakuona ajabu. La pili, akageuza shingo. La tatu akaongeza mwendo kwa makusudi, gari likaruka.

Kimya.

Mawazo ya kwanza yalikuwa ya kawaida yake. Nani ameligusa gari usiku? Nani anataka nibadilishe mawazo? Mokeira alikuwa na kaka fundi. Akaendesha akitafuta kelele kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Akaingia mashimo ambayo hata bodaboda hukwepa. Mbele kidogo ya mji wa Nyamira alisimama kando ya barabara, akatoka, akazunguka gari, akainama chini yake na koti likamlemea upande mmoja. Alipoinuka, zile funguo zilimgonga pajani.

Ko.

Ogeto akapapasa mfuko. Akaingia ndani, akafungua kitambaa, akauunganisha ufunguo wa gari na zile nyingine, akawasha, akalirudia lile tuta. Ko, ko, ko. Pete ilikuwa inacheza na kugonga plastiki chini ya usukani: stoo, geti, unga, tangi la maji. Akauchomoa ufunguo wa gari, akarudia tena. Kimya.

Alianza kucheka. Halafu akaacha, kwa sababu alimkumbuka Brandon. Brandon aliliendesha gari na ufunguo mtupu. Nimeisikia, alisema. Hapo mbele.

Kufika Kisii alimkuta Brandon amekwisha kulifuta vumbi lile gari la kijivu.

"Mzee wangu! Umekuja na mzigo?"

"Mzigo uko," Ogeto alisema, akipapasa bahasha. "Lakini tuzunguke mara moja ya mwisho. Niliage." Akampa ufunguo peke yake, na safari hii akaketi kando yake.

Wakaingia shimo la kwanza.

"Unasikia?" Ogeto aliuliza.

"Eee, mzee," Brandon alisema kwa huzuni. "Leo imezidi."

"Imezidi sana?"

"Sana. Umeponea. Hii ingekuzika."

"Simamisha."

Gari likasimama. Ogeto akatoa kitambaa, akazitia funguo zote palepale zilipokuwa siku zote. "Haya, endesha."

Ko, ko, ko. Brandon akatazama zile funguo, akamtazama mzee, akatazama barabara. Wakarudi yadini. Aliposhuka, kijana alipata ulimi.

"Lakini mzee, na wewe. Askari jela hana funguo kama hizo."

"Na wewe masikio kama hayo uliyatoa wapi?" Ogeto alimjibu, akahamia kwenye usukani.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alisimama kwa Abdirahim, akamkuta na tasbihi yake.

"Nimekuja kukuambia gari ni zima," Ogeto alisema mlangoni.

"Nilikuambia hivyo."

"Uliniambia. Nami nikadhani wewe ni mwizi."

Abdirahim aliacha kuhesabu shanga. "Na sasa?"

"Sasa nadhani bei zako ni kali tu."

Abdirahim akacheka mpaka akakohoa. Alipoelezwa, aliomba pete ile, akaipima mkononi, na uso wake ukabadilika. "Mzee, hili si la kucheka. Chuma hiki chote kikiendelea kuning'inia hapo, swichi ya kuwashia gari itakufa, na hapo litagoma kweli. Zipunguze."

"Niziweke wapi?"

"Hilo si la yadi yangu. Nyumbani kwako si kuna watu?"

Ogeto aliiwaza njia nzima. Mfuko wa koti ulikuwa umeanza kuchanika. Dukani zingeonekana na mfanyakazi. Kila mahali alipofikiria palikuwa na mtu.

Jioni alimkuta Mokeira amesimama mbele ya chumba cha chakula na sinia tupu, akingoja kama kawaida. Alitazama Noah uani, halafu akamtazama mumewe. Ogeto akamrudishia bahasha. Kisha akahangaika na ile pete, ukucha ukimuuma, mpaka ukatoka ufunguo mmoja, akampa. Akatoa na wa geti.

"Unaumwa, Baba Natasha?"

"Ni kwa ajili ya gari," alisema. "Swichi."

Mokeira hakuuliza maana yake. Alifungua kufuli, akachota unga mpaka sinia ikajaa, na badala ya kumrudishia ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake. Halafu akanyoosha kiganja tena.

"Na wa tangi la maji?"

Ogeto alizitazama funguo zilizobaki mkononi mwake.

"Wa tangi," alisema, "tutaongea."