Nyuma ya Jiwe

Projest Kahigwa alipata arobaini na nane kati ya hamsini katika mtihani wa leseni ya redio ya ridhaa, ile ya mawasiliano ya hewani yasiyo ya biashara. Alikuwa amemeza maswali ya miaka yote ya nyuma, pamoja na herufi za majibu. Ndivyo alivyofaulu kidato cha nne, na chuoni hakubadili njia.

Klabu yao ilikutana Mabatini, dukani kwa mzee Alkarim, aliyeshika leseni kabla Projest hajazaliwa.

"Swali la thelathini na moja!" Justa, mwanaklabu mwenzake, alimchokoza.

"C. Mawimbi ya masafa haya husafiri kwa mstari ulionyooka."

"Maana yake?"

"Maana yake C, dada."

Walicheka wote isipokuwa mzee Alkarim. "Hata kasuku angefaulu," alisema. "Ila kasuku simkabidhi redio."

Hata hivyo alimkabidhi. Magoti yake yalikuwa yamechoka, na klabu ilikwisha ahidi kusimamia mawasiliano ya mashindano ya mitumbwi Jumamosi ile. Mitumbwi ingezunguka kisiwa kilichokuwa mbele ya ufukwe na kurudi. Justa angekaa kwenye ncha ya kisiwa na redio ya mkononi, bila boti. Projest angekaa ufukweni na redio kubwa. Justa akiona hatari angemwita Projest, naye angemtuma Ngosha, nahodha wa boti pekee ya uokoaji.

Asubuhi walijaribu redio, kila mmoja amesimama hatua kumi tu kutoka kwa mwenzake. Sauti zilisikika safi. Justa akavushwa hadi kisiwani. Projest akatafuta mahali pa kuweka meza, akaona jiwe kubwa lililosimama ukingoni mwa maji, pana kuliko kanisa la kijijini kwao. Nyuma yake palikuwa na kivuli, na boti ya Ngosha ilikuwa karibu. Akafunga antena hapo. Kisiwa hakikuonekana, lakini yeye hakuhitaji kuona. Kazi yake ilikuwa kusikia.

Saa tano upepo ukaanza kuchafua ziwa.

"Kule vipi, fundi?" Ngosha aliuliza.

"Shwari, kaka. Kungekuwa na neno wangeita."

"Niwashe boti?"

"Tulia. Kimya ni habari njema."

Baada ya dakika arobaini mtumbwi wa kwanza ulirudi, umebeba watu ambao si wake. Mtumbwi mmoja ulikuwa umepinduka upande wa pili wa kisiwa ukiwa na wapiga kasia sita. Wanne waliokolewa na wenzao. Wawili hawakuonekana, na mmoja wao alikuwa Mhoja, mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Ngosha aliondoka kwa kasi, akarudi na miili.

Mzee Alkarim alifika kwa gari, akaitazama meza, kisha jiwe. Hakupandisha sauti. "Beba redio na antena. Panda juu."

Zilikuwa hatua arobaini. Projest alipofika juu kisiwa kilionekana chote, na redio ikazungumza mikononi mwake. Ilikuwa sauti ya Justa, imekauka: "Ufukweni, ufukweni, mnanisikia? Nimewaita tangu saa tano. Niliomba boti."

Chini, mwenyekiti wa mashindano alikuwa akimfariji Dorotea, mama yake Mhoja. "Hakuna aliyeita, mama. Ni ajali tu ya ziwa. Muulize huyu, ana leseni."

Dorotea akamgeukia Projest aliyekuwa akishuka. "Ni kweli hawakuita?"

Mwenyekiti alimkazia macho. Ingetosha Projest aitikie kwa kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Sitaki shikamoo. Waliita?"

"Waliita. Redio ni nzima. Mimi ndiye niliyekaa nyuma ya jiwe, na sauti ilikuja ikagonga upande ule."

"Na ungekaa wapi?"

Akamwonyesha kwa mkono. Dorotea alitazama kule juu.

"Hapo tu?" aliuliza.

"Hapo tu, mama."

Alivua kandambili zake, akaanza kulipanda jiwe peke yake.