Kaptura ya Gaudens

Kaptura ya Gaudens niliikata kubwa makusudi. Kiunoni wangeenea Wangoni wawili na gunia la mkaa, na nilijua akiivaa tu atapiga kelele Kariakoo nzima isikie. Mimi Mhehe, yeye Mngoni. Babu zetu waliuana wakachoka, wakatuachia utani. Miaka minane tulitukanana kila asubuhi kwenye baraza ninaposhonea, na hakuna aliyenuna.

Kila Agosti jarida la Kinu lilifanya tamasha la ngoma Mnazi Mmoja. Kikundi cha Gaudens kilicheza mganda: safu mbili za wanaume, mashati meupe, kaptura nyeupe, soksi mpaka magotini, mwendo wa gwaride, naye mbele na filimbi. Mwaka ule nguo zilikuwa hazipatikani. Mpaka Bwana Anaeli, mhariri wa Kinu, alipotuandikia barua ndipo duka la ushirika likatupimia kitambaa. Na mimi kwenye kitambaa hicho cha kubembeleza nikafanya mzaha. Nilipanga kuipunguza Jumatano, tukishacheka.

Jumatatu malaria ilimpanda kichwani. Jumatano tulimzika.

Makaburini watu walinitazama mimi. Mtani ndiye wa kulizuia jeneza njiani, ndiye wa kuvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake mpaka wafiwa wacheke. Mimi nilishika koleo, nikafukia, nikakaa pembeni kama mgonjwa wa meno. Kila nikifungua mdomo naiona ile kaptura, inaning'inia msumarini kwangu.

Ijumaa Severa, mjane wake, aliniita nyumbani kwao Magomeni. Mdogo wake, Hyasinta, alinidaka mlangoni.

"Shemeji, hajalia hata tone. Uji wenyewe haushuki. Tunaogopa."

Severa alikuwa mkekani, macho makavu.

"Sadalla, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, shemeji."

"Basi mbona umemzika mtani wako kama umemwokota barabarani? Nilingoja mtu aniambie huyu Mngoni alikuwa anatembea kama bata. Nimengoja siku mbili. Kimya."

Nikamweleza habari ya kaptura, yote. Alisikiliza bila kupepesa.

"Kesho kwenye tamasha utaivaa wewe."

"Mbele ya watu wa jarida?"

"Hata mbele ya waziri."

Jumamosi, Mnazi Mmoja, Bwana Anaeli alinikuta na wenzangu wa mganda tumejipanga, akashika orodha na kalamu.

"Poleni sana, ndugu zangu. Kwa heshima ya marehemu, nawafuta. Mtacheza mwakani."

"Usifute," nikasema. "Soma ulivyoandika."

Akaitazama kaptura, nilivyoifunga kwa kamba ya katani. Akarudisha kalamu mfukoni.

Kipaza sauti kikakoroma: "Mganda, kutoka Magomeni. Kiongozi, Gaudens Komba."

Waliomjua walitazamana. Ngoma ikalia. Nikatoa kifua, nikapanua miguu, nikaenda kibata, filimbi mdomoni. Mzunguko wa pili kamba ikakatika. Nikaidaka kaptura kwa mkono, nusu yake ikiwa imeshafika magotini.

"Wana msiba hao, msicheke!" mtu akakemea.

Cheko likatoka upande wa pili. Severa, na kaniki yake, kamshika Hyasinta bega.

"Mhehe mla mbwa we! Hata maiti humwachii nguo!"

Alicheka mpaka akainama. Kisha kile kicheko kikageuka katikati, kikawa kilio, akaketi chini kwenye nyasi, na sauti yake ikaipita ngoma. Nikasimama. Wenzangu nao wakasita. Yeye, bila kuinua uso, akatupungia mkono: endeleeni.

Nikaendelea, mkono mmoja kiunoni. Filimbi ukilia ndani yake hutoa mlio mbaya sana. Wenzangu walidhani ni ishara ya kugeuka, wakageuka wote kwa pamoja, nami nikageuka nao.